Tuzo za farasi kwenye mizani: lusini, karoti, uwatu, sukari guru na mkono wa kukuna

Pakiti za tuzo za farasi zinazouzwa madukani huwa na picha ya karoti au jani la mnanaa. Picha hiyo imewekwa impendeze anayelipa, wala mlaji hakuulizwa. Kwa anayefundisha kwa tuzo, yaani anayemlipa farasi kila anapofanya jambo sahihi badala ya kumkaza hatamu au kumgusa kiboko hadi afanye, swali la "nimlipe nini" ndilo linaloamua somo liende au likwame. Hapa tumeviweka kwenye mizani vitu vinavyopatikana bila shida Kenya na Tanzania, kwa vigezo vinne: farasi anakipenda kiasi gani, anakimaliza kwa muda gani, kinamfanya awe mtulivu au mwenye pupa, na kinamletea nini tumboni na kwenye kwato.

Kwa mwenye haraka: nunua pelleti za lusini zisizo na molasi, weka karoti kama akiba, na usimpe farasi kile anachokipenda kuliko vyote katika somo la kila siku. Hilo la mwisho huwashangaza wengi, kwa sababu inaonekana wazi kwamba tuzo nono ndiyo itakayofundisha haraka. Kwa farasi mambo huenda kinyume. Tuzo nono kupita kiasi humtoa akili kwenye somo na kuzipeleka mfukoni mwako. Anaanza kutafuna hewa, anakugonga kifua kwa pua, anafanya mambo matano kwa mpigo akibahatisha lipi litalipa. Inayofundisha vizuri ni ile iliyoshika nafasi ya pili au ya tatu kwenye orodha yake mwenyewe.

Pelleti za lusini: alama 5 kati ya 5

Lusini, yaani alfalfa, ikikaushwa na kubanwa huwa vijiti vya kijani vyenye unene wa milimita 6 hadi 8. Kiganja hubeba vijiti 8 au 10 bila kumwaga, uzito wa gramu 10 hivi, na farasi huvimaliza kwa sekunde chache. Kasi hii ina maana kubwa. Mafunzo ya tuzo yanategemea marudio, na kitu kinachotafunwa kwa nusu dakika hukupa marudio machache huku farasi akisahau alilipwa kwa lipi.

Sifa ya pili ni tumbo. Lusini ina kalsiamu na protini inayopunguza makali ya asidi, na tumbo la farasi humwaga asidi usiku na mchana, ale asile. Mate ya kuizimua hutoka anapotafuna tu. Farasi wa mbio na wa polo, wanaokula nafaka nyingi na nyasi chache, ndio wanaosumbuliwa zaidi na vidonda vya tumbo, na kwao tuzo ya lusini ni faida juu ya faida. Wanga na sukari yake ni kidogo, kwa hiyo hata yule mnene mwenye hatari ya kuvimba ndani ya kwato anaweza kulipwa nayo.

Hesabu yake ni rahisi. Tuzo 20 za gramu 10 ni gramu 200. Masomo matatu kwa siku ni gramu 600. Zipunguze kwenye chakula cha jioni, usiziongeze juu yake. Farasi wa kilo 450 anayekula kilo 8 hadi 9 za nyasi kavu hatatikiswa na kiasi hicho, ila kikiongezwa kila siku bila kupunguza mahali pengine, baada ya miezi miwili utakiona shingoni na juu ya mkia.

Kasoro zipo. Pelleti zenye molasi zinanata na huvuta nzi, kwa hiyo soma mfuko au uliza. Msimu wa mvua hushika unyevu na kuota ukungu haraka. Hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, na mfuko uliofunguliwa uishe ndani ya wiki chache. Farasi mwenye pupa akipewa konzi nzima kavu anaweza kukabwa. Farasi hawezi kutapika. Chakula kikikwama kooni utaona mate na vipande vya kijani vikitoka puani, shingo ikinyooshwa na kurudishwa. Hapo ondoa chakula na maji, mwache atulie kichwa kikiwa chini, na umpigie daktari wa mifugo. Kwa mzee asiye na magego ya kutosha, loweka pelleti kwanza na umpe kwa bakuli.

Onyo moja kuhusu soko: majani makavu ya mti wa mlusina huuzwa kama lishe ya mbuzi, na wauzaji wengine huyaita lusina tu. Mti ule ni mwingine kabisa. Una kemikali inayomnyonyoa farasi singa na mkia. Dai kuona bidhaa yenyewe kabla ya kulipa.

Karoti: 4

Karoti inastahili jina lake, lakini si kwa sababu watu wanazodhani. Ubora wake ni kwamba ni maji, karibu asilimia 88, na sukari yake mbichi ni kama asilimia 5 tu. Karoti tatu za wastani, kama gramu 200, zina gramu 10 za sukari. Kilo 8 za nyasi kavu zenye sukari asilimia 6 zina gramu 480. Anayesema karoti tatu zitamharibu farasi mwenye afya hajapiga hesabu ya hori.

Ukataji ndio unaoleta balaa. Karoti iliyokatwa duara kama sarafu ina ukubwa kamili wa kuziba koo. Ipasue kwa urefu mara nne, kisha kila upande uukate katikati. Karoti moja hutoa vijiti 8 vya urefu wa kidole, na kila kijiti ni tuzo moja. Tatizo jingine ni sauti na harufu: inavunjika kwa kishindo, inamwaga maji, na farasi wa banda la jirani anajua kinachoendelea. Ndani ya banda lenye farasi sita karoti huleta kelele za kugonga milango. Pelleti hupita kimya.

Weka karoti kwa somo gumu: kuingia kwenye gari la kubebea farasi, sindano, kushikwa mguu unaouma.

Uwatu na ndizi: tulizozidharau

Mwaka 2005 watafiti wa Uingereza Goodwin, Davidson na Harris walichapisha jaribio la ladha kwa farasi wa bandani. Ladha nane zilizopokelewa vizuri zilipangwa hivi, kuanzia iliyopendwa zaidi: uwatu, ndizi, cheri, rozimeri, bizari nyembamba, karoti, peremende (yaani mnanaa), oregano. Tazama karoti na peremende zilikoangukia, halafu tazama tena picha za kwenye pakiti. Viwili vinavyoongoza viko jikoni kwa kila mtu wa Pwani.

Uwatu hautumiki wenyewe kama tuzo; mbegu ni chungu na ngumu. Saga, chukua kijiko kimoja cha chai kwa kilo moja ya pelleti, tikisa ndani ya kopo lenye mfuniko, acha ulale usiku mmoja. Harufu inashika yenyewe. Mchanganyiko huu unafaa hasa kwa farasi anayenusa pelleti tupu na kugeuza kichwa. Ukizidisha, harufu inajaa nguoni na mkononi, na farasi anaanza kukunusa wewe mwili mzima. Kijiko kimoja kinatosha. Kwa farasi jike mwenye mimba tunauacha.

Ndizi mbivu ni tamu na laini, na ndiyo shida yake: inapondeka mfukoni. Kata vipande vyenye ganda, ganda lioshwe vizuri, kipande kisizidi upana wa vidole viwili. Wengine huila wakaacha ganda, wengine hupenda ganda kuliko ndizi. Kwa somo refu haifai. Kwa kuficha dawa ya minyoo haina mshindani.

Sukari guru, tende, miwa, peremende

Sukari guru hupendwa kupita kiasi, na hapo ndipo pabaya pake. Vipande 20 vya gramu 5 ni zaidi ya gramu 80 za sukari tupu kwa somo moja, mara nane ya karoti. Farasi mnene au aliyewahi kuumwa kwato asiguswe nayo. Kwa aliye mzima, kipande kimoja baada ya sindano kinatosha, na kisionekane tena wiki nzima.

Tende zina historia ndefu na farasi wa Uarabuni, na farasi wa Omani na Ghuba bado huzila. Toa kokwa, pasua mara mbili. Zinanata vidoleni na kwenye meno, kwa hiyo ulipaji unachelewa. Sukari yake ni zaidi ya nusu ya uzito.

Miwa hapana. Farasi huitafuna dakika nzima, maji yake yanakutapakaa mkononi, na yanaita nyuki. Nyuki wetu wakishamvamia farasi aliyefungwa kamba hakuna wa kumwokoa.

Peremende ngumu za duara: harufu safi, hazimwagiki, zinakaa mfukoni mwezi mzima. Lakini ni sukari, na karatasi yake inayolia chakachaka itamfundisha farasi kusikiliza karatasi badala ya ishara yako. Zimenye nyumbani kabla.

Shayiri au oti kavu, konzi ndogo, ni tuzo ya heshima kwa farasi anayefanya kazi nzito. Inamwagika sana. Kila punje inayodondoka chini ni sekunde kumi za farasi kutafuta majanini huku wewe ukingoja.

Mkono wa kukuna: 2 au 5, kutegemea farasi

Hapa ndipo wauzaji wa nadharia hupishana. Upande mmoja, watafiti Feh na de Mazières walionyesha mwaka 1993, kwa farasi wa Camargue nchini Ufaransa, kwamba kukunwa pale shingo inapokutana na mabega, mahali farasi hukunana wenyewe kwa wenyewe, hushusha mapigo ya moyo. Upande wa pili, kundi la watafiti Sankey na Hausberger lilichapisha mwaka 2010 jaribio la farasi wa aina ya Konik waliofundishwa kusimama tuli kwa neno: waliolipwa chakula walijifunza na kusimama muda mrefu zaidi, waliokunwa hawakufika mbali. Mambo haya mawili hayapingani. Kitu kinaweza kumtuliza farasi bila kumfanya akifanyie kazi.

Hata hivyo wapo wanaofanya kazi kwa kukunwa, na dalili zake haziigizwi. Kuna kwa kucha, kwa nguvu, mahali pamoja, sekunde tano, kisha acha. Mdomo wa juu ukirefuka na kutikisika, shingo ikinyooka, akikusogelea na kuegemea mkono, umempata. Akisimama tu kama nguzo, anakuvumilia. Jaribu pia kifuani, chini ya singa, shina la mkia na mstari wa katikati ya tumbo. Msimu wa mvua, vijidudu vinapouma tumboni, thamani ya kukunwa pale hupanda ghafla, na kiangazi hushuka.

Kumpiga-piga shingoni kwa kiganja, kama wafanyavyo wapanda farasi wakimaliza kuruka vizuizi, kunapata sifuri. Mpandaji anajisikia vizuri. Farasi hana cha kusema.

Visivyoingia mfukoni kabisa

Hatari kubwa kuliko zote katika ukanda wetu ni kopo la chakula cha wanyama wengine. Unga wa kuku na baadhi ya vyakula vya ng'ombe huwekwa monensini, dawa ya kuzuia koksidi, vimelea vya utumbo, na kuongeza unene. Kuku na ng'ombe huistahimili. Farasi, miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito zinatosha kuua nusu ya waliokula. Kwa farasi wa kilo 450 hiyo ni gramu moja hivi. Inaharibu misuli ya moyo na hakuna dawa ya kuiondoa. Kwa hiyo konzi ya unga wa ng'ombe wa maziwa kama tuzo, hata kama jirani anaapa kwamba farasi wake anaupenda, ni kamari. Uliza pia kiwanda kama mashine ileile husaga chakula cha kuku kabla ya chako. Ikiwa jibu ni la kusitasita, nunua kwingine.

Mahindi na pumba zake zikiwa na ukungu hubeba sumu inayooza ubongo wa farasi. Ukungu wenyewe si lazima uuone. Parachichi, tunda na majani, humvimbisha kichwa na kudhuru moyo. Wapo wanaowalisha farasi chini ya miparachichi bila kufikiri. Chokoleti na kahawa, mbali na mengine, zitaonekana kwenye vipimo vya damu vya mbio na mashindano. Vitunguu na mkate usahau.

Mfuko, kliki na shabaha

Mfuko bora si ule wa duka la farasi. Mfuko wa kiunoni wa fundi seremala, ule wa misumari, una mdomo mpana unaobaki wazi na kitambaa kigumu. Mkono unaingia na kutoka bila kunaswa. Mifuko ya zipu ya mitumba inakawiza ulipaji. Uvae ukae nyuma ya nyonga, si mbele ya tumbo. Pua ya farasi aliyesimama mbele yako iko usawa wa tumbo lako, na mfuko ukiwa hapo unamwekea mtihani kila sekunde.

Kliki, kile kidude cha kubofya kinachotoa sauti moja kavu, hugharimu kidogo na hufanya kazi moja: kumwambia farasi "hilo hasa ndilo ninalilipia" kabla mkono haujafika. Aina ya sanduku yenye kibati ndani ina mlio mkali unaomshtua farasi ndani ya banda la mawe. Funga plasta juu ya kibati. Hupata kutu upesi karibu na bahari. Aina ya kitufe ni laini zaidi na inashikika ukiwa umeshika kamba.

Wengine hubana matumizi kwa kugonga ulimi. Tatizo ni kwamba masaisi wengi, yaani wahudumu wa farasi, hugonga ulimi kumwambia farasi atembee, na farasi hatajua kama anaitwa aende au analipwa kwa kusimama. Neno "haya" lina kasoro hiyohiyo. Ukikosa kliki, chagua silabi fupi ambayo haitumiki bandani, na kila saisi anayemhudumia farasi huyo aijue.

Shabaha, kile farasi anachofundishwa kugusa kwa pua, ni fimbo ya mita moja yenye mpira wa tenisi mwishoni. Boya dogo la nyavu za kuvulia ni bora zaidi: halichuniki meno yakiligusa na huoshwa.

Kumuuliza farasi mwenyewe

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wengi huruka. Alama zote tulizotoa juu ni za farasi wa kawaida, na farasi wako anaweza kuzipindua.

Anza na kumzoesha. Farasi huogopa chakula kigeni. Akikataa uwatu leo haina maana haupendi. Changanya kiasi kidogo kwenye chakula chake siku tatu kabla ya kumhesabia kwamba amekataa. Siku ya kupima, awe na nyasi mbele yake kwa nusu saa kwanza. Farasi mwenye njaa hupenda kila kitu, na jibu lake halina thamani.

Chagua vitu vitano. Tafuta karai mbili zinazofanana, ziweke umbali wa mita moja, kila moja na kipande cha takriban gramu 10. Mtu mmoja anasimama nyuma ya katikati, macho chini, mikono nyuma. Saisi anamleta farasi akiwa na kamba iliyolegea, anasimama mita mbili kabla, kisha anamwachia aende. Karai anayoanza kula ndiyo kura yake. Nyingine inaondolewa papo hapo. Vitu vitano hutoa jozi kumi. Kila jozi irudiwe mara mbili, mara ya pili karai zikibadilishwa upande. Jumla ni mara 20, zigawe kwa siku mbili ili asishibe wala kuchoka.

Kubadilisha upande si mapambo. Farasi wengi wana upande wanaoupendelea, na asiyebadilisha atahitimisha kwamba farasi anapenda karoti kumbe anapenda kushoto. Akienda upande mmoja mara 16 au zaidi kati ya 20, futa matokeo, zisogeze karai mbali zaidi, badilisha uwanja, na anza upya.

Sasa una orodha. Lakini orodha inaonyesha anachokula, haijaonyesha atakachokifanyia kazi. Kwa hiyo mfundishe kugusa shabaha kwa pua, kazi ambayo farasi wengi huishika ndani ya dakika chache, kisha mlipe kwa kitu cha kwanza kwenye orodha, kwa mguso mmoja, halafu miwili, minne, minane, hata kumi na sita. Siku nyingine rudia kwa kitu cha pili, kisha cha tatu. Mwache huru, bila kamba, na uweke nyasi kwenye kona nyingine ya uwanja. Nyasi hizo ndizo kipimo cha kweli. Akikuacha kwenye mguso wa nne akaenda kula nyasi, amekuambia bei ya pelleti zako bila kupepesa macho. Akibaki hadi minane akiwa ametulia, hiyo tuzo ina nguvu ya kutosha.

Pamoja na idadi, andika hali ya mdomo. Tunatumia ngazi nne: 0, midomo inaokota taratibu, 1, anaharakisha, 2, meno yanagusa kiganja, 3, anang'ata au anashambulia mfuko. Tuzo inayofika mguso wa nane kwa mdomo wa 0 au 1 ndiyo ya kila siku. Ile inayofika mguso wa kumi na sita kwa mdomo wa 3 iwekwe kabatini kwa ajili ya daktari.

Rudia upimaji misimu ikibadilika. Majani ya masika yakishaota uwanjani, pelleti zilizokuwa dhahabu mwezi wa Februari hazimshawishi mtu. Wakati huo hamia karoti au fundisha ndani ya uwanja wa mchanga.

Inapokwenda kombo

Kuporapora mfukoni ndiyo lalamiko la kwanza, na mara nyingi kosa ni la mkono. Mkono ukitangulia kuingia mfukoni kabla ya kliki, farasi anajifunza kutazama mkono. Mpango ni huu, bila kubadilisha: anafanya, kliki inalia, ndipo mkono unaingia mfukoni, ndipo unatoka. Lipa mkono ukiwa umenyooka, kiganja wazi na kidole gumba kimebanwa na vingine, mahali unapotaka kichwa chake kiwe: usawa wa kifua chake, katikati, umesukumwa kidogo kuelekea kwake ili arudi nusu hatua kuipokea. Farasi haoni kilicho chini ya pua yake; anategemea midomo na ndevu zake, kwa hiyo kiganja kinachosita-sita au kurudi nyuma ndicho kinachong'atwa.

Masomo ya mwanzo yafanyike kukiwa na kizuizi kati yenu, ubao wa uwanja au nusu ya mlango wa banda. Jambo la kwanza la kulipia liwe kugeuza pua kando. Akiishikilia huko kwa sekunde moja, kliki. Kisha mbili. Kisha tano. Hadi hapo hajaruhusiwa mtu kuingia ndani.

Farasi anayekuwa na haraka kadiri somo linavyoendelea, masikio nyuma, akikwangua ardhi kwa kwato, au dume au aliyehasiwa anayeanza kutoa uume nje, ameinuliwa kupita kiasi. Shusha tuzo ngazi moja: kutoka karoti kwenda pelleti, kutoka pelleti kwenda vipande vya nyasi kavu zilizokatwa. Watu wengi hufanya kinyume, huongeza utamu wakidhani amechoshwa.

Mwisho wa somo usiwe wa ghafla. Zikibaki tuzo tatu mfukoni, mwaga konzi ya nyasi chini, ondoka akiwa anakula. Anayeachwa akiwa bado anangoja ndiye anayekufuata akikuvuta shati.

Na farasi aliyekuwa akipenda karoti, akaanza ghafla kuiacha ianguke mdomoni au kuitafuna upande mmoja, usimtafutie tuzo nyingine. Fungua mdomo, au mwite daktari aufungue: magego ya farasi huchongoka na kukata mashavu, na karoti huwa ya kwanza kuuma.